Pini ya Nne

Jeshi la Marekani likimaliza kutumia kitu, mara nyingi halikitupi. Linakiuza kwa mnada. Makoti, maturubai, buti, jenereta, masanduku ya risasi yasiyo na risasi, redio zilizovuliwa betri: vyote hushuka polepole kutoka kwenye maghala ya serikali hadi kwa wafanyabiashara, kisha kwa watu wa kawaida wenye gereji na muda wa kuchezea vitu. Kiswahili cha ofisini kina majina marefu ya vitu hivi. Mimi naviita mitumba. Ni mitumba ya jeshi.

Kila aliyewahi kununua mtumba anajua kwamba nguo ile ilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Ndiyo maana pale Karume, Dar es Salaam, hatua chache kutoka kwenye mafungu ya suruali utawakuta mafundi cherehani wamekaa wanasubiri. Unanunua, unavuka, unapunguziwa. Vifaa vya umeme havina tofauti. Maiki iliyotengenezwa kwa redio ya vitani huwezi kuichomeka kwenye redio ya lori ukategemea iongee. Itapunguzwa hapa, itaongezwa pale. Katika mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili, huku tasnifu ikinisubiri, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya jioni kwa miezi kadhaa: kumpunguzia mjomba wangu maiki ya jeshi.

Mjomba ni kaka yake mama. Anaishi Columbus, Ohio, na lori ni lake mwenyewe, ingawa bado analilipia mkopo. Kazi yake iko kwenye barabara kuu ya I-70, kuelekea magharibi: Indianapolis, St. Louis, mara nyingine Kansas City. Nilipokuja kusoma, yeye ndiye aliyenipokea, akanipa chumba na koti la baridi lililokuwa la mwanawe. Ninasoma fonetiki na teknolojia ya sauti. Kwa lugha ya mjomba, ninasomea "jinsi watu wanavyoongea", na hachoki kuniuliza kama kweli kuna chuo kinachotoza ada kwa jambo hilo.

Juu ya usukani wake, kushoto kidogo, imefungwa redio ya CB. Kwa asiyeijua, hii ni redio ya raia wa kawaida. Serikali ya Marekani iliitengea mawimbi ya megahezi 27 mwaka 1958, ili fundi bomba aweze kuongea na ofisi yake bila kuwa mtaalamu wa mitambo. Kilichoipa umaarufu ni mafuta. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zilisusa kuiuzia Marekani, bei ikapanda, na mwaka uliofuata mwendo wa juu barabarani ukashushwa hadi maili 55 kwa saa nchi nzima. Madereva wa malori, ambao hulipwa kwa maili, wakaanza kuambiana hewani ni kituo gani bado kina dizeli na polisi wamejificha wapi. Kufikia 1976 wimbo wa C.W. McCall kuhusu msafara wa malori, "Convoy", ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza, na Betty Ford, mke wa Rais, alikuwa na jina lake la hewani. Mwaka 1977 chaneli ziliongezwa kutoka 23 hadi 40. Tangu 1983 haihitaji leseni.

Siku hizi simu imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini chaneli 19 bado ni ya malori, na ina jambo ambalo simu haina: huhitaji kujua namba ya mtu. Kwa wati nne tu unaongea na yeyote aliye ndani ya kilomita chache, yaani hasa wale ambao kinachotokea mbele yako kitawapata wao dakika tano zijazo. Wana lugha yao. Polisi ni dubu. Kipande cha tairi kilichobanduka na kulala barabarani ni mamba. Na ukitaka kujua kama mwenzako amewasha redio, unamuuliza kama ana masikio.

Mjomba alikuwa na masikio. Kwa karibu miaka miwili hakuwa na mdomo.

Sababu aliniambia usiku mmoja jikoni, akimenya chungwa kwa kisu kwa mzunguko mmoja bila kukata ganda, kama anavyofanya akiwa na jambo zito. Alfajiri moja ya Januari, Indiana, alipita juu ya daraja lililokuwa na barafu ile isiyoonekana, inayofanana na lami yenyewe. Trela ilicheza, akaidhibiti, akavuka. Akachukua maiki akasema kwa Kiingereza: barafu darajani, wanaokwenda magharibi, punguzeni mwendo. Mtu akauliza, nini? Akarudia. Mwingine akasema, ongea Kiingereza. Akarudia mara ya tatu, polepole, na namba ya maili. Wa tatu akaigiza lafudhi yake, na kukawa na kicheko. Mjomba akatundika maiki.

"Sijui kama kuna aliyeteleza," alisema. "Ingekuwa najua, sawa. Ila sijui."

Akala chungwa kipande kimoja, halafu akatoa hukumu yake. "Tatizo ni maiki. Ile maiki ni ya kitoto."

Binamu yangu, mwanawe, alikuwa na hukumu nyingine. Yeye amezaliwa hapa na Kiswahili chake ni cha kusalimia na kuomba chakula. Alimpenda baba yake na hakutaka achekwe tena, kwa hiyo alimtumia kiungo cha kozi ya mtandaoni ya kupunguza lafudhi. Alikuwa tayari kuilipia. Mjomba alimjibu "asante mwanangu" na hakuifungua. Kwa wiki kadhaa jambo hilo lilikaa mezani kwao kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuiosha. Maiki, alisema mmoja. Lafudhi, alisema mwingine. Wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye ninayelipa ada.

Nilijua jibu la darasani, na halikumpendeza hata mmoja wao. Katika maneno, irabu ndizo zenye nguvu. Konsonanti nyingi ni hafifu, hasa zile za mzomeo na za pumzi kama s, f na t, lakini ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kelele ya injini ya dizeli huzifunika konsonanti kwanza. Msikilizaji anapozikosa, hubahatisha kwa kutumia mazoea yake: neno gani kwa kawaida hufuata, linatamkwaje na watu wa kwao. Kwa mzungumzaji wa lafudhi aliyoizoea hubahatisha vizuri. Kwa mzungumzaji kama mjomba, anayemalizia maneno ya Kiingereza kwa irabu ndogo kama tunavyofanya wengi wetu, hubahatisha vibaya. Lafudhi peke yake huzoeleka kwa dakika chache. Kelele peke yake huvumilika. Zikikutana, hasara inakuwa kubwa kuliko ukizijumlisha.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa sahihi nusu, na nusu moja ilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Wazo la maiki ya jeshi lilikuwa la mjomba mwenyewe. Mwaka 1991 alikuwa JKT, kambi ya Mafinga, wakati bado ilikuwa lazima. Anakumbuka afande mmoja aliyekuwa na redio koli yenye mkono kama wa simu, mweusi, wenye waya wa kujiviringisha. "Anaongea mara moja," mjomba alisema. "Mara moja tu, na kule upande wa pili watu wanakimbia. Sijawahi kumsikia akirudia."

Kila Mei, katika viwanja vya maonyesho vya Xenia, kama mwendo wa saa moja kutoka Columbus, hufanyika Hamvention, mkutano mkubwa wa wapenzi wa redio. Nje ya kumbi kuna gulio la wazi ambalo lingemfurahisha mtu yeyote wa Karume. Wazee wenye kofia wamefungua milango ya nyuma ya magari yao, na juu ya maturubai wamemwaga vilivyowakaa gerejini kwa miaka arobaini. Nilikwenda na mjomba. Alipiga bei kwa namna ambayo sijawahi kuona ikifanyika kwa Kiingereza: anasifu kitu, anakirudisha, anauliza habari za familia, anaondoka, anarudi. Tulitoka na vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa T-17, maiki ya mkononi ya Vita Kuu ya Pili. Ni kitu kizuri kukishika, kinajaa kiganja, na kitufe chake kina uzito wa kitu kilichotengenezwa ili kibonyezwe na mtu aliyevaa glavu. Ndani yake kuna chembe za kaboni, kama zilizokuwamo kwenye simu za zamani. Sauti inapozibana, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Inapoziachia, hupita kwa taabu. Maana yake ni kwamba maiki hii haitengenezi umeme wowote yenyewe. Lazima uilishe. Redio ya CB ya kawaida haina mpango wa kuilisha maiki ya kaboni, kwa hiyo niliipa mkondo mdogo kupitia rezista, nikaweka kapasita ili mkondo huo usiingie redioni, kisha nikapunguza kinachotoka, kwa kuwa kaboni hupiga kelele nyingi kuliko redio inavyotarajia. Chembe zilizokaa miongo mingi hushikamana. Unaigonga mezani, kama kikopo cha chumvi kilichopata unyevu, na inazinduka.

Ilifanya kazi. Mjomba alijisikiliza kwenye rekodi akatikisa kichwa. "Hii inanifanya kama natangaza msiba," alisema. Na kelele ya injini iliingia yote, maana T-17 husikia chochote kilicho mbele yake. Sasa iko juu ya meza yangu ya kusomea, inakandamiza karatasi.

Cha pili kilikuwa H-250, na hicho ndicho kilichofanana na mkono wa simu wa afande wa Mafinga. Ni plastiki nyeusi isiyoogopa maji wala kuangushwa, na jeshi la Marekani limeutumia na redio zake za SINCGARS za kubebwa mgongoni na za magari. Maiki yake ni ya sumaku na koili, haihitaji kulishwa. Lakini ubora wake uko kwenye matundu. Kiwambo chake kimeachwa wazi mbele na nyuma. Kelele ya injini, inayotoka mbali na kuijaza kabini yote, inakifikia kiwambo kutoka pande zote mbili kwa nguvu karibu sawa, na misukumo hiyo inauana. Mdomo ulioigusa karibu maiki unasukuma upande mmoja zaidi ya mwingine, na huo ndio unaobaki. Sharti lake ni moja: uongee ukiwa karibu sana, karibu kuibusu. Ukiishusha hadi kidevuni, nawe unageuka kuwa kelele.

Mwishoni mwa waya wake kuna plagi ya mviringo ya kijeshi, ya kusukuma na kuzungusha, yenye pini zilizopewa herufi. A ni waya wa ardhi. B ni sauti inayokwenda sikioni. C ni kitufe. D ni maiki. Upande wa pili, redio ya mjomba ina soketi ya pini nne, kwa mpangilio unaotumika kwenye Cobra nyingi: ya kwanza ardhi, ya pili sauti, ya tatu kurusha, ya nne kupokea.

Sauti na sauti, ardhi na ardhi, kitufe na kurusha. Hiyo ni hesabu ya dakika kumi. Kilichonishika kwa wiki mbili ni pini ya nne.

Redio za aina hii hazisikilizi zenyewe. Unapoachia kitufe cha maiki ya kawaida, swichi iliyo ndani yake inafanya mambo mawili: inakata waya wa kurusha, na inaunganisha waya wa kupokea na ardhi. Ni maiki inayoiambia redio, sasa sikiliza. Ndiyo maana ukichomoa maiki kabisa, redio inanyamaza. Taa zinawaka, spika ni nzima, lakini hakuna aliyeiamuru isikie. Mkono wa jeshi hauna amri hiyo. Kitufe chake kinajua jambo moja tu, kuongea. Ukikiachia, kinaacha kuongea, na basi. Redio ya jeshi yenyewe inarudi kusikiliza bila kuambiwa, maana hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Nilipouunganisha moja kwa moja kwa majaribio, mjomba angeweza kuongea vizuri sana na asisikie jibu la mtu yeyote.

Dawa yake ni rilei, swichi ndogo inayovutwa na sumaku. Kitufe cha jeshi hakigusi tena redio. Kinawasha koili ya rilei kwa volti 12 za lori. Rilei ikiwa imelala, mguso wake unaunganisha pini ya nne na ardhi, na redio inasikia. Kitufe kikibonyezwa, mguso unaruka kwenda pini ya tatu, na redio inarusha. Nikaweka dayodi kwenye koili ili umeme unaorudi inapozimika usiumize kitu. Maiki yenyewe hutoa millivolti chache tu, chini ya ile ya zamani, kwa hiyo niliongeza kikuza sauti cha transista moja, 2N3904, kinachotumia betri yake ya volti 9, kwa sababu umeme wa lori una mluzi wa alteneta na sikutaka ule mluzi uingie kwenye maneno ya mjomba. Kapasita ndogo ya kauri mlangoni ilizuia mawimbi ya redio yenyewe yasijirudie kwenye kikuza sauti na kupiga yowe. Vyote viliingia katika kisanduku cha aluminiamu kidogo kuliko kopo la maziwa. Redio yenyewe hatukuifungua. Sheria za FCC zinakataza kuchezea mtambo wa ndani, na hapakuwa na haja.

Sehemu ya sikio tuliiacha bila kuunganishwa. Mjomba alitaka masikio yote mawili yawe huru barabarani. Tena tangu Januari 2012 dereva wa lori hapa haruhusiwi kushika simu akiendesha. CB haimo katika katazo hilo, lakini mjomba hakutaka kumweleza dubu kando ya barabara kwamba hiki anachokiona sikioni pake ni mtumba wa jeshi. Anaushika mbele ya mdomo, kama aiskrimu.

Siku ya kujaribu tulikwenda watatu. Mjomba alitangulia na lori. Binamu aliendesha gari dogo nyuma yake, nami nilikaa pembeni na redio ya CB ya mkononi na kinasa sauti. Tulitafuta chaneli isiyo na watu. Nilimwomba mjomba asome sentensi zilezile mara mbili, kwanza kwa maiki ya zamani, halafu kwa mpya: sentensi fupi za barabarani, za matairi, madaraja, maili na upande gani wa barabara. Sikuwa nimemwonyesha binamu orodha.

Kwa maiki ya zamani, nje ya Columbus, kwa mwendo wa kawaida, tulisikia mngurumo na juu yake irabu. Binamu aliinamisha kichwa kuelekea kwenye redio. Baada ya sentensi ya tatu aliniuliza, "Amesema daraja au amesema bega?"  Huyu ni mtu aliyeimbiwa na sauti hiyo akiwa mtoto, aliyefokewa nayo, anayeisikia kwenye simu kila siku ya Mungu. Alikuwa mita mia mbili nyuma ya baba yake na hakuwa anamwelewa.

Kisha kimya kidogo, mjomba akibadilisha plagi kwenye kituo cha mapumziko, na tukarudi barabarani. Maiki mpya ilipofunguka, jambo la kwanza nililoligundua ni kilichokosekana. Injini ilikuwa imekwenda mbali, kama imefungiwa chumba cha pili. Halafu mjomba: barafu darajani, wanaokwenda magharibi, punguzeni mwendo. Sentensi hiyo haikuwa kwenye orodha yangu.

Irabu zake ndogo mwishoni mwa maneno zilikuwapo zote. R yake ilikuwapo, ile ya Iringa, inayoguswa na ncha ya ulimi. Hakuna kilichopunguzwa kwake. Fundi hupunguza koti, hapunguzi mtu. Binamu aliendesha kama maili mbili bila kusema. Kisha akachukua redio mkononi mwangu, akabonyeza, akasema kwa Kiswahili chake cha kuombea chakula, "Baba, nimekusikia."

Ningeweza kuishia hapo na kila mtu akafurahi, lakini siku mbili baadaye mjomba alirudi chaneli 19, na chaneli 19 haikuwa imebadilika. Alinisimulia kwa mpangilio. Alitangaza mamba katika njia ya kulia, pamoja na namba ya maili. Mmoja akajibu mara moja: 10-4, asante dereva. Mwingine akamwigiza, neno kwa neno.

"Kwa hiyo alinielewa," mjomba alisema. "Ili uniigize neno kwa neno, lazima uwe umenielewa."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini nimelifikiria sana tangu hapo. Miaka miwili alikuwa ameacha nafasi kwa wale watu: labda hawasikii. Kuna adabu katika kumpa mtu nafasi hiyo. Maiki safi iliwaondolea. Sasa anayeuliza "nini?" kwa sababu ya upepo na anayeuliza "nini?" kwa dharau hawafanani tena, na mjomba anawajua mmoja mmoja. Sina hakika kama hiyo ni zawadi. Yeye anasema ni zawadi.

Namfikiria pia yule afande wa Mafinga. Tulinunua mkono wa simu unaofanana na wake, lakini uwezo wake wa kutorudia haukuwa ndani ya mkono wa simu. Ulikuwa upande wa pili, kwa vijana wa miaka ishirini waliokuwa wamepangwa na kuapishwa kumsikiliza. Majeshi na marubani walilijua jambo hili mapema, na walifanya kazi kubwa kwenye upande wa kusikiliza. Alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1956, ilipatikana baada ya maneno yake kujaribiwa kwa wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, ili lafudhi ya mtu isimwangushe. Tisa kwa Kiingereza chao hutamkwa "niner", silabi mbili, ili isichanganywe na tano. Na askari asiyesikia hasemi "repeat", kwa kuwa neno hilo ni la mizinga na maana yake ni piga tena palepale. Ana maneno yake maalumu ya kuomba mwenzake aseme upya. Yaani hata kutosikia kumewekewa adabu. Hakuna aliyedhani kwamba mzungumzaji peke yake ndiye wa kurekebishwa.

Hayo yote hayauzwi gulioni Xenia. Mtumba unakuja na kitufe cha kuongea. Msikilizaji alibaki jeshini.

Binamu hajatuma kozi nyingine. Alichofanya ni kununua redio ya mkononi kama ile yangu, na Jumapili baba yake anapokaribia nyumbani huiwasha jikoni, karibu na dirisha, na kumsikia kilomita kadhaa kabla hajafika. Wanaongea Kiingereza, na Kiswahili kidogo pale ambapo hakuna anayehitaji kuelewa zaidi ya wao. Shangazi anaweka ugali motoni kwa kufuata redio hiyo.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia kutoka Missouri. Alikutana na dereva mmoja Mrundi kwenye kituo cha malori. Walianza kwa Kiingereza, wakagundua dakika ya tatu kwamba wote wana Kiswahili, wakala pamoja. Mrundi ameona maiki, ameisikia, anaitaka. Mjomba alikuwa ameshamwahidi kwa niaba yangu, na ameshamtajia bei, ambayo ni ndogo mno.

"Tasnifu, mjomba," nilisema.

"Utamaliza," alisema. "Kwani inakwenda wapi?"

Nimeagiza rilei mbili, moja ya akiba. Mrundi nimemwambia asininunulie chochote kwanza. Anitumie jina la redio yake na picha ya soketi, na kama ana kipimo, anipimie pini moja moja. Mpangilio hutofautiana kati ya redio na redio, na kabla sijaiunganisha maiki ya kuongelea, nataka kujua redio yake inasikiliza kwa waya gani.